Paka Aliyejifungulia kwa Bibi Mdogo

Wiki iliyopita niliingia duka moja jipya hapa Kidatu, lile lenye vioo na feni, kutafuta sabuni. Mwanangu wa mwisho akanivuta sketi. "Mama, ona, chakula cha paka." Nikamwambia aache utani. Nikasogea, nikavaa miwani. Kweli bwana! Pakiti inang'aa, ina picha ya paka mnene anajilamba midomo, na ndani yake eti mna chakula chake. Nilicheka mpaka binti wa duka akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Hakuna tatizo, mwanangu. Nilikuwa namfikiria bibi yangu mzaa mama, jinsi ambavyo angeishika ile pakiti kwa vidole viwili, akainusa, halafu akauliza huyo paka anaumwa nini hata apikiwe na kiwanda.

Kwa bibi, paka alikuwa mtu wa kazi. Chakula chake kilikuwa na miguu na mkia, na kilijileta chenyewe kila siku. Sasa kwa kuwa nimekumbuka, na wewe umeshakaa hapo, nivumilie nikusimulie habari za bibi, mdogo wake, na paka mmoja mweupe ambaye mpaka leo nikimshukuru Mungu kwa walionilea huwa namtaja na yeye. Padre akisikia atanisamehe.

Nyumba yetu ilikuwa Ifakara mjini, ya tofali za kuchoma na bati. Lakini mvua zikishaanza, mji ulikuwa unapungua watu. Kila familia yenye shamba la mpunga ilikuwa inahamia mbugani. Usidhani ni kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni kuhama kabisa, na masufuria, na kuku, na mikeka, na ile picha ya Bikira Maria ya bibi ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga. Lori linawashusha Mchombe, kutoka hapo ni miguu na tope. Huko mnaishi kwenye dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo, sakafu yake mianzi, kwa sababu mto ukifura hapalaliki chini. Sisi watoto tulipanda ngazi yake kama kuku wanaokwenda kulala.

Mama yangu alikuwa anafanya kazi kwenye miwa huku Kidatu, kwa hiyo kila likizo mimi nilipakiwa kwenye basi kwenda kwa bibi. Likizo ya mwezi wa sita ndiyo niliyoipenda, maana ndiyo ya mavuno. Jua halijachomoza vizuri tayari niko shambani naamia ndege, nagonga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, na wale kwelea kwelea hawana hata habari, wanahama tuta hili wanatua lile. Nikirudi nakuta bibi ameshatwanga pepeta. Hujala pepeta? Pole sana. Ni mpunga ambao haujakauka sawasawa, unakaangwa, unatwangwa ungali wa moto mpaka unakuwa bapa, halafu unautafuna na nazi kama ipo, na kama haipo unautafuna hivyo hivyo na unamshukuru Mungu. Mchana kambale wa kubanikwa. Jioni vyura wanaanza, mbali kidogo viboko wanaguna, na bibi anatutangulia kwenye sala akiwa anakoroga mboga.

Raha zote hizo zilikuwa na adui mmoja, panya. Mpunga ukishakatwa ulirundikwa juu ya kichanja kando ya dungu, ukisubiri kupigwa, na panya wa mbugani walikuwa wanaujua mwezi wa mavuno kuliko sisi. Walikuwa wakubwa, wana mashavu. Wanakata masuke, wanabeba, na usiposimama nao imara unabaki na mabua. Ndiyo maana hatukuhamia shamba bila Nesi.

Tulimwita Nesi kwa sababu alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa mkia wa kijivu, na kwa sababu alikuwa anazunguka nyumba za watu. Kumsafirisha kulikuwa na kanuni zake. Kwetu iliaminika paka ukimhamisha akiwa anaona njia, atarudi alikotoka. Kwa hiyo aliwekwa kwenye tenga, tenga linafunikwa gunia, na tukifika ukingo wa mbuga mjomba analiinua na kujizungusha nalo ili paka apoteze mwelekeo. Mwaka ule mjomba alizunguka kwa bidii mpaka akaanguka chali kwenye majani, Nesi akachungulia kwenye upenyo wa gunia, mzima, anamtazama. Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Sasa nani aliyepotezwa njia?" akasema. Mjomba alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo alinuna mpaka tulipofika.

Na kuzunguka nyumba za watu sikutanii. Kule mbugani paka aliazimwa. Madungu yalikuwa mengi, paka walikuwa wachache, na mwenye paka hodari alikuwa na cheo. Mtu anakuja asubuhi, anabisha hodi, anasalimia, anaulizia mavuno, anaulizia watoto, anazungumzia mto, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka ghafla, anasema, "Na Nesi je, ana nafasi?" Bibi anafikiri. Wakati mwingine alijifanya anafikiri tu, nilikuwa namjua. Halafu mimi natumwa kumpeleka, na masharti yake nimeyakariri: asifungwe kamba, asishibishwe akasahau kazi, asifokewe mbele za watu, na akimaliza arudishwe na samaki wake. Nilikuwa natembea na lile tenga kichwani kwenye matuta, kifua mbele, kwa sababu nilikuwa napeleka msaada kwenye nyumba za watu.

Dungu moja tu ndilo ambalo Nesi hakuwahi kuazimwa, nalo ndilo lililokuwa karibu kuliko yote. La mdogo wake bibi.

Tulimwita Bibi Mdogo. Mashamba yao yalitenganishwa na tuta moja, kwa sababu lilikuwa shamba moja la mama yao aliyewaachia. Ukikohoa huku unasikika kule. Lakini tangu kabla sijazaliwa bibi na mdogo wake walikuwa hawasemeshani. Hawakuwa wanatukanana, hapana. Hawakusalimiana, basi. Wewe unajua maana yake kwetu. Mdogo mtu anapita njia moja na dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, na hampi shikamoo! Watu walikuwa wanainamisha macho kwa aibu kana kwamba wamewaona wakiwa uchi.

Kisa chao mama alinisimulia. Bibi Mdogo alikuwa ameolewa upande wa Mahenge, ng'ambo ya mto. Mama yao akafariki Ifakara katikati ya masika. Taarifa ikapelekwa, Bibi Mdogo akatoka mbio, akafika mtoni, na mto umejaa. Miaka hiyo daraja halipo, ni pantoni, na pantoni imefungwa. Akakaa ng'ambo ile na furushi la nguo zake, akiwaza labda maji yatashuka. Huku kwetu walimsubiri, na joto la Ifakara unalijua, na miaka ile mambo ya kuhifadhi maiti hayakuwepo kwa watu kama sisi. Wazee wa ukoo wakamgeukia bibi, maana ndiye mkubwa. Bibi akasema, tuzike.

Bibi Mdogo alipovuka alikuta kaburi limeshafunikwa, maua yameshanyauka. Kwetu mtoto wa marehemu huchota udongo kwa mkono wake akatupa kaburini, huko ndiko kuagana. Yeye hakuipata nafasi hiyo. Akasimama pale, akamwambia dada yake, "Wewe umemzika mama yako. Mimi wangu sijamzika." Akageuka. Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Hata alipofiwa na mume akarudi Ifakara, akachukua nusu yake ya shamba na kujenga dungu lake kando ya letu, hakuongeza neno lingine.

Jambo moja namshukuru bibi mpaka kesho: hakutuingiza. Tulipokuwa tunapita kwa Bibi Mdogo alikuwa anatuambia wazi, "Nenda kaamkie. Ugomvi wetu sisi si wenu." Na sisi tulikwenda, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, na Bibi Mdogo alikuwa na mkono mwepesi. Huondoki kwake bila kipande cha boga au samaki. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anacheka kwa pua kama bibi. Kila mara alikuwa ananiuliza, "Hapo kwenu wazima?" Alikuwa hasemi "dada yangu mzima?" Na nikirudi, bibi akiwa anapepeta mpunga, bila kuinua macho ananiuliza, "Huko ulikotoka wazima?" Nilikuwa mdogo, lakini hata mimi niliona kwamba hawa watu wanapendana na wanateseka.

Basi, katikati ya mavuno yale, Nesi akapotea.

Asubuhi moja niliamka hayupo. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa na sisi sote tulikuwa tunasubiri siku yake. Bibi alikuwa amemwandalia kona na kipande cha blanketi. Nilimtafuta chini ya dungu, kwenye mabua, kwenye mtumbwi wa jirani uliokuwa umeanikwa juani. Nililia kilio cha msiba, nakwambia. Niliwaza mamba, niliwaza chatu, niliwaza kila chenye mdomo. Mjomba ndiye aliyekuja na habari, anatembea polepole kama mtu aliyebeba yai. Akamwambia bibi, "Mama, Nesi ameonekana. Amejifungua salama."

"Wapi?"

Mjomba akaelekeza kidevu ng'ambo ya tuta.

Nesi alikuwa amevuka mwenyewe, bila tenga wala masharti, akapanda ngazi ya Bibi Mdogo, akaingia katikati ya nguo zake za kanisani na kuzalia humo. Watoto wanne. Bibi alinigeukia. Akasema, "Kamlete."

Nilikwenda, na hapo ndipo nilipopata kazi ya kubeba maneno. Bibi Mdogo alinipokea, akanionesha wale watoto, vipofu, wamebanana kama viazi kwenye kitenge chake kizuri cha Pasaka. Nikamwambia nimetumwa kumchukua. Akatikisa kichwa. "Mwambie aliyekutuma, mzazi hahamishwi. Watoto hawajafumbua macho. Ukimhamisha sasa atawala wanawe." Na hilo kila mtu kule alikuwa analiamini. Nikarudi nikalisema. Bibi akasema, "Mwambie paka ni wangu." Nikaenda. "Mwambie hakuna aliyekataa. Paka ni wake, nguo ni zangu." Nikarudi. Bibi akataka kucheka, nikamwona, akajikaza. "Mwambie panya wananimaliza huku." Nikaenda. "Mwambie na mimi walikuwa wananimaliza, na sikusema."

Hili la mwisho nilipolifikisha, bibi alitua ungo chini. Akakaa na kulitazama lile dungu la ng'ambo. Nilidhani amekasirika.

Ikapita siku moja au mbili hivi, panya wanasherehekea kwenye kichanja chetu, mjomba anawafukuza kwa fimbo na kuwakosa. Mimi nashinda kwa Bibi Mdogo namtazama Nesi wangu. Ndipo nikaona hali yake si nzuri. Alikuwa halambi watoto. Alikuwa amelala ubavu, manyoya yamesimama, ukimpa kipande cha perege anageuza uso. Watoto wananyonya, hawapati kitu, wanalia kasauti kembamba. Bibi Mdogo alikuwa amejaribu uji, amejaribu dagaa, akajaribu hata maziwa aliyokwenda kuyaomba kwa Wasukuma wenye ng'ombe, mwendo wa mbali. Alikuwa na machozi. Akaniambia, "Nenda kamwambie dada yangu mzazi wake hali chakula."

Alisema "dada yangu". Mimi nilikimbia, sikulitia maanani wakati ule, nilikuwa nawaza paka tu. Nilimfikia bibi nikiwa nalia na kupaliwa. "Bibi, Nesi anakufa. Dada yako... yaani, mdogo wako amesema, nimwambie dada yangu mzazi wake hali chakula."

"Amesema hivyo? Dada yangu?"

"Ndiyo, bibi. Anakufa!"

Sasa ngoja nikueleze kitu kuhusu sisi. Kwetu mwanamke akijifungua, anakwenda kuonwa. Unabeba kuni, unabeba uji au samaki wa mchuzi. Na nyumba yenye mzazi haiingiwi na kinyongo. Kama una neno na mwenye nyumba, unalitema huko huko njiani kabla ya kubisha hodi, kwa sababu wazee walishika kwamba kinyongo kinakausha maziwa. Bibi alikuwa anaishika mila hiyo kama anavyoshika rozari yake. Na mimi naamini, ingawa hakuwahi kuniambia, kwamba alikuwa ameisubiri sababu kama hiyo miaka mingi. Hakuwa na namna ya kwenda kwa mdogo wake. Lakini kwa mzazi, hata awe mzazi mwenye mkia, angeshindwaje kwenda?

Alichinja jogoo. Jogoo! Siku ya kazi, hakuna mgeni, wala sikukuu haijafika. Mjomba alibaki mdomo wazi. Bibi akachemsha maini na kidogo cha nyama bila chumvi mpaka vikawa laini kabisa, akavipondaponda kwa mwiko. Akanawa uso. Akavaa kanga yake mpya na kujifunga kilemba. Akafunga mzigo wa kuni akaniwekea kichwani. "Kuni za nini, bibi?" nikauliza. "Kwa mzazi haiendwi mikono mitupu," akajibu. Na tukavuka tuta, yeye mbele na bakuli lake, mimi nyuma na kuni za paka. Watu wa madungu ya jirani waliacha kukata mpunga. Wamesimama na miundu mikononi, wanatutazama.

Chini ya ngazi bibi alisimama. Akaitengeneza kanga yake, akalishika bakuli sawasawa.

"Hodi kwa mzazi," akasema.

Juu mianzi ikalia. Halafu sauti ikatoka, imekwaruza.

"Mzazi yupo. Karibu ndani."

Bibi akapanda, na mimi nyuma yake, kuni nimezibwaga. Dungu la Bibi Mdogo lilikuwa dogo, watu wawili wazima wakiingia magoti yanagusana, huna pa kugeuzia uso. Bibi hakumtazama mdogo wake. Alimtazama Nesi. Akachovya kidole kwenye bakuli, akampaka mdomoni. Nesi akageuka upande. Akampaka tena, anamsemesha Kipogoro kwa sauti ya chini, kama anavyomsemesha mtoto mwenye homa. Akampaka tena. Bibi Mdogo akamwinua paka kichwa kwa viganja vyake viwili, akamshika sawasawa, na hapo mikono yao ikawa inagusana. Ulimi wa Nesi ukatoka. Ukalamba. Ukalamba tena. Halafu akaanza kula kwelikweli kwenye kidole cha bibi, na mimi nikapiga kelele nikanyamazishwa na wote wawili kwa mara moja.

Tulikaa tukimtazama anavyokula. Na Bibi Mdogo, akiwa bado ameshika kichwa cha paka, akasema, "Shikamoo, dada."

Bibi aliweka bakuli chini kwanza. Ndugu yangu, niliogopa. Nilidhani ndiyo anakataa. Lakini alimgeukia.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. Na kabla hajavuta pumzi akaendelea, kama maji yaliyobomoa tuta. "Siku ile nilitupa udongo mara mbili. Wa kwanza nikamwambia, mama, huu ni wa mdogo wangu, yuko ng'ambo, mto umemzuia. Halafu ndipo nikatupa wangu."

Bibi Mdogo alimtazama. "Wa kwangu ndio uliotangulia?"

"Wa kwako ndio uliotangulia."

"Sasa miaka yote hii mbona hukuniambia, dada?"

"Hukuniamkia," bibi akasema. "Ningeanzaje kuzungumza na mtu hajaniamkia?"

Nakwambia pale palilika. Walianza kwa kilio wakamalizia kwa kicheko, kile cha puani, wote wawili, wameshikana, wamemsahau paka na bakuli lake. Mimi nilifukuzwa. "Nenda kaamie ndege!" wakasema pamoja. Nikashuka, lakini sikwenda mbali, nikakaa kwenye ngazi na kulia, sijui nalilia nini. Niliwasikia wanaongea mpaka jua likazama, Kipogoro cha kasi ambacho nilikuwa naokota neno moja moja, na mara nyingi neno hilo lilikuwa mama.

Nesi alipona. Watoto wake wote wanne waliishi, wakafumbua macho, na wakawa wanavuka tuta kama wanaotembelea binamu. Panya waliponda maisha mwaka ule, siwezi kukudanganya. Mpunga tuliorudi nao ulikuwa pungufu, na bibi hakulalamika hata siku moja. Tulirudi Ifakara kwa lori moja, vyombo vyao vimechanganyika, na kabla ya kushusha mzigo hata mmoja wale wawili walinyoosha moja kwa moja makaburini. Walikaa huko. Waliporudi Bibi Mdogo alikuwa na udongo mikononi na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto mmoja wa Nesi nilipewa mimi, nikaja naye Kidatu ndani ya kikapu, kondakta akidhani nimebeba kuku. Mwingine mjomba alimchukua. Nesi mwenyewe aliendelea kuazimwa mpaka meno yakamwisha, na hata hapo watu walikuwa wanamwomba, kwa heshima tu nadhani.

Siku hizi ukienda mbuga ile hutakuta madungu mengi. Kuna mashine za kuvuna, zinakata asubuhi na jioni mpunga uko kwenye magunia. Pantoni imebaki hadithi, watu wanavuka daraja wakichati kwenye simu. Na panya wana dawa yao, kijana anapita na kipaza sauti, "Sumu ya panya, mende, kunguni!" na watu wananunua. Paka wakila wale panya wanakufa na wao. Wiki ile ile ya chakula cha paka nilimuuliza jirani yangu hapa, ambaye ana paka mzuri sana, kama naweza kumwazima siku chache, jikoni kwangu kuna panya. Alinitazama kama nimemwomba mumewe.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na malaria na njaa ya masika, na mto ulichukua watu. Ninachosema ni kwamba nimebahatika. Niliona kwa macho yangu watu wazima wawili wanaojiheshimu wakikubali kushuka, na kilichowashusha ni paka mgonjwa asiyetaka kula. Watu wengi wanakua bila kuona hilo hata mara moja. Nimekuwa na ndoa, nimekuwa na mashemeji, nimekuwa na mabosi, na kila nilipotaka kununa mpaka kufa nimewakumbuka wale wawili magoti yakigusana. Asante, bibi. Asante, Bibi Mdogo. Na wewe, Nesi.

Mwishoni Bibi Mdogo alihamia kwa bibi, wakazeekea chumba kimoja. Na walivyokuwa wanagombana! Chumvi imezidi, redio ipunguzwe, nani aliyeacha mlango wazi, shangazi fulani aliolewa mwaka gani. Nilikuja na watoto wangu likizo, kelele zile zikanichosha, nikamwambia mama awaambie hawa wazee wapunguze. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Waache. Mimi nililelewa kwenye ule ukimya wao. Waache wapige kelele."

Bibi alitangulia, Bibi Mdogo akamfuata masika hayo hayo. Nyumba ipo, mjomba anaitunza. Nikifika huwa nakaa chumbani kwao kidogo, na ni kimya kabisa. Lakini hakinitishi kimya kile. Ni cha watu ambao walishaambiana yote.